Kuchagua tahasusi ukiwa na kozi ya chuo kikuu kichwani: mwongozo kamili kwa mwanafunzi na mzazi

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, wapo vijana waliofaulu vizuri ambao hugundua kwamba hawana sifa za kozi waliyoitamani kwa miaka. Mtihani wameushinda, ila masomo waliyofaulu siyo yale ambayo kozi ile inayataja. Uamuzi uliowafikisha hapo ulifanyika miaka miwili au minne nyuma, siku fomu ilipojazwa haraka haraka kwa sababu rafiki kachagua vile, au kwa sababu jina la tahasusi, yaani kundi la masomo matatu ya kidato cha tano na sita, lilikuwa na heshima mtaani.

Mwongozo huu unaanzia mwisho na kurudi nyuma: kwanza kozi, kisha masomo ambayo kozi hiyo inayadai, na tahasusi ndiyo ije mwishoni. Unahusu mfumo wa Tanzania, na unamfaa zaidi aliye kidato cha pili hadi cha nne, pamoja na mzazi anayekaa naye mezani kuamua.

Hatua ya kwanza: andika kozi, usiandike kazi

"Nataka kufanya kazi ya afya" haitoshi. Udaktari wa binadamu, uuguzi, ufamasia, sayansi ya maabara, afya ya mazingira na lishe zote ni afya, lakini kila moja ina sharti lake la kuingilia. Vivyo hivyo "mambo ya kompyuta" au "mambo ya biashara". Chukua daftari uandike kozi tatu hadi tano kwa majina yake kamili, kama vyuo vinavyoziita. Ya juu iwe ile unayoitaka kwa moyo wote, na ya chini iwe ile ambayo ukiipata badala ya ya kwanza, bado utaamka asubuhi ukaenda darasani bila kinyongo.

Usipojua unachotaka, si aibu. Kwa miaka kumi na tano au kumi na sita ni wachache wanaojua. Andika basi fani mbili zinazokuvutia na moja unayojua hakika huitaki. Hiyo ya tatu husaidia kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu inapunguza uwanja.

Mzazi, kwenye hatua hii kazi yako ni kuuliza zaidi kuliko kutaja. Mtoto atakayekaa miaka miwili na Fizikia asiyoipenda kwa ajili ya ndoto ya nyumbani ndiye atakayeingia chumba cha mtihani, na alama zitaandikwa kwa jina lake.

Hatua ya pili: fungua kitabu cha TCU mapema

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, hutoa kila mwaka kitabu cha mwongozo wa udahili wa shahada ya kwanza, na kinapatikana kwenye tovuti yake. Viko viwili: kimoja cha wenye cheti cha kidato cha sita, kingine cha wenye stashahada. Wanafunzi wengi hukifungua mara ya kwanza baada ya matokeo ya kidato cha sita, wakati ambapo hakuna tena kinachoweza kubadilishwa. Wewe kifungue ukiwa kidato cha pili au cha tatu. Masharti hurekebishwa mara kwa mara, kwa hiyo ukifika kidato cha nne soma toleo jipya, lakini picha kubwa utakuwa umeshaipata.

Kwenye kila kozi uliyoiandika, tafuta mambo manne. Kwanza, masomo ya kidato cha sita yanayotajwa kwa jina. Hapa soma polepole sana: kuna tofauti kubwa kati ya kozi inayodai Kemia pamoja na Baiolojia, na kozi inayodai masomo mawili yoyote kutoka kwenye orodha ndefu. Pili, masharti ya kidato cha nne yaliyobandikwa mwishoni mwa maelezo, ambayo wengi huyaruka. Tatu, pointi za chini. Nne, idadi ya nafasi. Kozi yenye nafasi hamsini na ile yenye nafasi mia tano zinaweza kuwa na sharti moja la chini, lakini ushindani wake haufanani hata kidogo.

Kozi moja isome katika vyuo vitatu tofauti. Utashangaa jinsi chuo kimoja kinavyodai Hisabati ya juu na kingine kikiridhika na ufaulu wa Hisabati ya kidato cha nne kwa kozi yenye jina lile lile. Kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza cha kiofisi. Kama kinakuchosha, kaa na mwalimu wa taaluma au ndugu aliyepita chuo, msome pamoja mstari kwa mstari.

Hatua ya tatu: ielewe hesabu ya pointi

Hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa, maana kuna hesabu mbili zinazokwenda kinyume.

Baraza la Mitihani, NECTA, linapopanga madaraja, A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Ukijumlisha masomo matatu ya tahasusi, pointi 3 hadi 9 ni daraja la kwanza, 10 hadi 12 la pili, 13 hadi 17 la tatu, 18 na 19 la nne. Pointi chache ndiyo heri.

Vyuo vikuu huhesabu kwa kugeuza: A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1 na S ni nusu pointi. Hapa nyingi ndiyo heri. Sharti la jumla la kuingia shahada ni prinsipo mbili, yaani masomo mawili yenye ufaulu wa A hadi E, ambazo jumla yake ni pointi 4.0 au zaidi, na masomo hayo mawili yawe ndiyo yanayoitambulisha kozi unayoomba.

Sasa linganisha wanafunzi wawili. Wa kwanza kapata D, E na E. Kwa NECTA ana pointi 14, daraja la tatu. Kwa chuo, masomo yake mawili bora ni D na E, jumla pointi 3, hivyo hajafikia 4.0. Wa pili kapata D, D na F. Ana pointi 15, daraja la tatu vilevile na nyuma kidogo ya mwenzake, lakini D mbili zinampa pointi 4.0 kamili. Anaweza kuomba shahada, mradi hizo D ziwe katika masomo ambayo kozi inayataka.

Sharti hilo la mwisho ndilo lenye uzito wote. Chukua mwanafunzi wa CBG mwenye Jiografia B, Baiolojia E na Kemia S. Jiografia na Baiolojia zinampa pointi 5, kwa hiyo kozi zinazokubali masomo hayo mawili ziko wazi kwake. Kozi inayodai prinsipo ya Kemia imefungwa, hata angekuwa na A ya Jiografia, kwa sababu S si prinsipo.

Kutokana na hesabu hii, kwa kozi nyingi masomo mawili ndiyo yanayobeba mzigo na la tatu ni akiba. Ukichagua tahasusi, jiulize: masomo yangu mawili yenye nguvu ndiyo yale ambayo kozi yangu inayataja? Kama somo lako la nguvu ndilo akiba, na mawili yanayotajwa ndiyo yanayokutesa, tahasusi hiyo haikufai hata kama unaweza kuchaguliwa.

Hatua ya nne: jua kila tahasusi inafungua nini na inafunga nini

Kwa miaka mingi orodha ilikuwa fupi na inajulikana. Mwaka 2024 serikali iliongeza tahasusi mpya 49, jumla zikawa 65, zikiwemo za lugha, sanaa, michezo na elimu ya dini. Uwanja umepanuka, lakini ukiona tahasusi mpya yenye jina la kuvutia, irudishe kwenye kitabu cha TCU: ni kozi zipi zinataja masomo yake mawili kwa jina? Ni shule zipi zinaifundisha? Ukikosa majibu ya kuridhisha, chagua nyingine.

PCB ndiyo njia ya udaktari wa binadamu. Vyuo vinadai prinsipo ya Fizikia, Kemia na Baiolojia, yote matatu, na hapa hakuna somo la akiba. Ninasisitiza hili kwa sababu kila mwaka wapo wanaochukua CBG wakikimbia Fizikia huku wakijiambia kwamba Kemia na Baiolojia zitawatosha kuwa madaktari. Hazitoshi. Ufamasia nao unaitaka Fizikia. Uuguzi wa shahada una unafuu kidogo: pamoja na Kemia na Baiolojia, somo la tatu laweza kuwa Fizikia, Hisabati ya juu au Lishe, kwa hiyo mwenye CBN (Kemia, Baiolojia na Lishe) ana njia ambayo mwenye CBG hana.

CBG yenyewe ni tahasusi nzuri kwa anayejua inampeleka wapi. Kilimo, misitu, wanyamapori, sayansi ya mazingira, sayansi ya chakula, ualimu wa Baiolojia na Jiografia: hayo ni maeneo yake, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo ni mahali pa kwanza pa kutazama. Inanisikitisha inapochukuliwa kama PCB ya walioogopa, kwa sababu hapo mwanafunzi anaisoma akiwa ameshajiona ameshindwa, na mwishoni anaomba kozi zisizo zake.

PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati ya juu) inakwenda kwenye uhandisi, takwimu, sayansi ya kompyuta, jiolojia na sayansi asilia. Uhandisi kwa kawaida unadai Hisabati ya juu na Fizikia, na uhandisi wa kemikali unaongeza Kemia. Kwa udaktari wa binadamu PCM haifai kwa sababu haina Baiolojia. PGM (Fizikia, Jiografia na Hisabati ya juu) inakaribiana nayo na inakaa vizuri kwa upimaji wa ardhi na hali ya hewa, lakini kozi za uhandisi zinazodai Kemia zisome kwa makini kabla hujaiacha Kemia.

EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati ya juu) hudharauliwa bila sababu. Ina Hisabati ya juu ndani yake, na hilo peke yake linafungua uchumi, takwimu, sayansi ya bima, fedha, mipango, na kozi kadhaa za kompyuta katika baadhi ya vyuo. Mwanafunzi mwenye hesabu nzuri asiyeipenda maabara angeitazama kwanza hii. HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) inaelekea uchumi pia, lakini haina Hisabati ya juu, na hapo ndipo sharti la pembeni linapoingia; nitalirudia. ECA (Uchumi, Biashara na Uhasibu) ni ya biashara na uhasibu.

HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili) na HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) zinafungua sheria, ualimu, sosholojia, sayansi ya siasa, utawala wa umma, uandishi wa habari na lugha. Sheria inapokea masomo mengi tofauti, wala haihitaji tahasusi moja maalumu, ingawa Kiingereza chako kitatazamwa. Tofauti kati ya hizi tatu huonekana zaidi kwenye ualimu. Shahada ya ualimu inakutaka uwe na prinsipo katika masomo mawili utakayofundisha, kwa hiyo mwenye HKL hawezi kuwa mwalimu wa Jiografia, na mwenye HGK hawezi kuomba kufundisha Kiingereza.

Utaona pia kwamba milango haifunguki sawasawa pande zote. Mwenye PCM anaweza kuomba sheria au uhasibu katika vyuo vingi, lakini mwenye HKL hawezi kuomba uhandisi. Wapo wanaotumia ukweli huu kumsukumia kila mtoto mwenye C tatu kwenye sayansi. Siafiki. PCM yenye S na F mbili haifungui hata mlango mmoja, wakati HGL yenye B mbili inafungua vyuo vingi nchini.

Hatua ya tano: cheti cha kidato cha nne hakisahauliki

Wengi huamini kwamba ukishaingia kidato cha tano, matokeo ya nyuma yamekwisha kazi. Vyuo vinayasoma yote mawili.

Hisabati ndiyo inayokamata watu wengi zaidi. Kozi nyingi za uchumi, biashara, uhasibu na kompyuta husema hivi: kama huna prinsipo ya Hisabati ya juu, basi uwe na angalau ufaulu wa sabsidiari (S) katika BAM, somo la ziada la hisabati la kidato cha tano na sita, au alama fulani ya Hisabati ya kidato cha nne. Baadhi hudai C. Mwanafunzi wa HGE aliyepata F ya Hisabati kidato cha nne, akaichukulia BAM kama somo la kupitisha muda, anaweza kujikuta na B mbili za Historia na Uchumi na bado kozi ya uchumi ikamkataa. Kwa hiyo ukiwa na BAM kwenye ratiba yako, isome. Haihesabiwi kwenye daraja lako, lakini inaweza kuamua kozi yako.

Kiingereza hutazamwa kwa sheria na kozi za lugha. Kemia ya kidato cha nne hutazamwa na baadhi ya kozi za uhandisi kwa wasioichukua juu.

Ukiwa bado kidato cha pili, hili linakugusa zaidi. Katika shule nyingi, baada ya Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili mwanafunzi hupewa nafasi ya kuacha Fizikia na Kemia. Kuziacha siku hiyo ni kuachana na PCB, PCM, PGM, CBG na CBN kwa mkupuo mmoja, pamoja na karibu stashahada zote za afya. Kama una hata nusu ya wazo la afya au uhandisi, endelea nazo. D ya Fizikia kidato cha nne ina faida ambayo mtu asiyeifanya kabisa hana, na faida hiyo utaiona kwenye njia ya stashahada hapo chini.

Hatua ya sita: pima uwezo wako kwa alama, usipime kwa herufi

Cheti cha kidato cha nne kinaonyesha herufi tu. C ni kuanzia 45 hadi 64, na mwenye 46 na mwenye 64 wote wanaandikiwa C. Kidato cha sita vipimo ni vikali zaidi: A huanza 80, B 70, C 60, D 50, E 40, na S ni 35 hadi 39. Mwenye 46 ya Kemia, akiendelea kwa kiwango kile kile kwenye somo lililo gumu zaidi, anaelekea E au chini yake.

Kusanya alama zako halisi za mitihani ya shule, mtihani wa mkoa na moko, kwa mihula minne iliyopita. Angalia kila somo linakwenda juu, limesimama, au linashuka. Somo lililotoka 35 hadi 58 lina ahadi kuliko lililotoka 70 hadi 60. Kisha muulize mwalimu wa somo hilo, ana kwa ana, kama anakuona ukilimudu kwa miaka miwili zaidi, na jibu lake lipe uzito kuliko maneno ya wanafunzi waliokutangulia.

Kwa anayeitaka PCM, PGM au EGM, Hisabati ya kidato cha nne ya B au zaidi ni kipimo kizuri. C ya kubahatisha inakuwa mateso kuanzia mada za mwanzo, na Fizikia ya juu nayo inaegemea hesabu hizo hizo.

Hatua ya saba: tazama shule

Tahasusi ya sayansi katika shule isiyo na mwalimu wa Fizikia au maabara yenye vifaa ni mzigo mzito, kwa kuwa mtihani wa vitendo upo na una alama zake. Tafuta matokeo ya shule kwenye tovuti ya NECTA, kisha usiishie kwenye wastani wa shule. Tazama somo lako: wangapi walipata A hadi C, wangapi walipata S na F.

Hatua ya nane: jaza Selform, na utumie nafasi ya kurekebisha

Fomu ya machaguo hujazwa ukiwa kidato cha nne, kabla hujajua matokeo. Weka ya kwanza tahasusi inayokupeleka kwenye kozi yako ya juu, na zinazofuata ziwe zile zenye angalau masomo mawili uliyo imara, ziandamane na kozi nyingine kwenye daftari lako. Ili uchaguliwe utahitaji ufaulu wa C au zaidi katika masomo yasiyopungua matatu, na masomo ya dini hayahesabiwi hapo.

Baada ya matokeo kutoka, TAMISEMI hufungua mfumo wa Selform kwa muda ili wahitimu wabadilishe machaguo yao ya tahasusi na vyuo. Wengi huupuuza. Ukiwa uliandika PCB na Fizikia imerudi D, au uliandika HGK na Hisabati imekuja A usiyoitarajia, huu ndio wakati wa kukaa tena na daftari. Ukishapangiwa shule, kubadilisha tahasusi hutegemea nafasi na ridhaa ya mkuu wa shule. Omba mabadiliko hayo wiki za mwanzo, maana miaka hiyo miwili ni mifupi na kila wiki unayochelewa inabaki kuwa deni.

Kama kidato cha tano hakikupatikana, au alama hazikutosha

Stashahada ni njia kamili ya kufika chuo kikuu. Unahitaji ufaulu wa D au zaidi katika masomo yasiyopungua manne ya kidato cha nne na GPA (wastani wa alama za chuo) isiyopungua 3.0 ya stashahada inayohusiana na kozi unayoomba. Hakikisha chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi na vya stashahada, kabla hujalipa chochote.

Kwa udaktari, mwenye stashahada ya utabibu mwenye GPA ya 3.0 anaweza kuomba, lakini hudaiwa pia angalau D ya kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Hapo ndipo ile D ya Fizikia, ambayo wengine waliiona haina maana kidato cha tatu, inapokuwa tiketi. Aliyeikosa anaweza kurudia somo hilo kama mtahiniwa wa kujitegemea, na ningemshauri afanye hivyo kabla ya kuanza stashahada kuliko kusubiri amalize ndipo agundue.

Aliyemaliza kidato cha sita akakosa pointi 4.0, akiwa na angalau pointi 1.5 kutoka masomo mawili, anaweza kusoma programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Akipata GPA ya 3.0 kutoka masomo sita ya msingi, na C katika masomo matatu ya kundi lake, iwe sanaa, sayansi au biashara, anaruhusiwa kuomba shahada. Kundi analochagua hapo nalo lilinganishwe na kozi anayoitaka, kwa daftari lile lile na kitabu kile kile cha TCU.